Askari Aliyerudi Nyumbani Azikwe Wapi?

Katika kazi zote zinazohitajika ili kata kama Endasak ipate makaburi yake ya askari wastaafu, kupata ardhi ndiyo kazi nyepesi. Njia ya kisheria ipo wazi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hivyo ndivyo ilivyowekwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo. Halmashauri ya kijiji ikipendekeza kipande kitengwe kwa matumizi ya jamii, na mkutano mkuu wa kijiji ukakubali, kipande hicho huandikwa kwenye daftari la ardhi ya jamii na jambo likaishia hapohapo kijijini. Ipo pia njia ndefu, ya Rais kuihaulisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Hata huko, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Makaburi ya wazee wa kata moja hayafiki hata hekta tano.

Kazi nzito ni kuwapata watakaokubali kuzikwa humo.

Nayasema haya kwa kuwa naujua mpangilio wa miradi yetu. Kikao hukaa, wazo zuri hutolewa, mpimaji huja na bikoni zake, uzio huanza kujengwa, Mwenge wa Uhuru hupita na jiwe la msingi huwekwa. Baada ya hapo hufuata miaka ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mpango. Kisima kikikosa maji tunaona haraka. Zahanati ikikosa mganga tunaona haraka. Makaburi yasiyozikwa mtu yanaweza kukaa miaka ishirini bila yeyote kuuliza, kwa sababu uwanja mtupu wenye uzio hauonekani kama mradi ulioshindwa. Unaonekana kama mradi unaosubiri.

Endasak ipo wilayani Hanang, kwenye barabara kuu ya kutoka Babati kuelekea Katesh na Singida, mahali ambapo Mlima Hanang unaonekana karibu kila unapogeuka. Wairaqw na Wadatoga wanaishi hapa pamoja na Wanyaturu, Warangi na wengine waliofuata shamba, biashara au kazi. Mahindi, mbaazi na alizeti hulimwa hadi karibu na kuta za nyumba. Humo ndimo wanamoishi wazee waliowahi kushika bunduki kwa ajili ya nchi hii, na kusema kweli wengi wao hawatambuliki kwa macho. Hawana sare wala nishani ukutani. Ukimkuta mmoja wao yupo kwenye ng'ombe wake, au amekaa kwenye benchi la duka, na mpaka mtu akuambie kwamba yule mzee alifika Kampala, utampita.

Wazo la kuwapa ardhi ya heshima ni wazo la haki. Ninaloligombania ni mfano tunaoutumia tunapolifikiria. Tukitaja makaburi ya askari, akili zetu hukimbilia Kaboya.

Kaboya ipo wilayani Muleba, mkoani Kagera, ndani ya kambi ya jeshi. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakakalia eneo la kaskazini mwa mto Kagera na kulitangaza kuwa sehemu ya Uganda. Mwalimu Nyerere akaitangazia nchi vita. Jeshi la Wananchi (JWTZ) lililokuwepo halikutosha, kwa hiyo likajazwa na mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na askari magereza. Mgambo walitoka vijijini, kila mkoa, wengi wakiwa wakulima na wafugaji ambao mafunzo yao yalikuwa ya wiki chache. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka. Waliokufa njiani hawakuweza kurudishwa mmojammoja Mbulu, Masasi au Nzega. Barabara za wakati ule, uhaba wa magari na vita vyenyewe havikuruhusu. Wakazikwa Kaboya, mamia yao, katika safu zilizonyooka.

Na Kaboya imedumu. Ipo ndani ya kambi, kwa hiyo ina mlinzi na ina mtu anayeulizwa majani yakirefuka. Taifa hurudi pale. Julai 25, 2013, Siku ya Mashujaa, Rais Kikwete aliongoza maadhimisho ya kitaifa hapohapo Kaboya. Kama kuna makaburi ya kijeshi nchini yanayoonyesha kwamba ardhi ya umma inaweza kutunza wafu wa umma, ni hayo.

Lakini angalia kwa nini yalifanikiwa. Waliozikwa Kaboya walikufa katika muda mfupi, mbali na kwao, wakiwa mikononi mwa jeshi. Hakuna familia iliyoulizwa ipi ni sehemu nzuri ya kumlaza, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Mzee wa Endasak aliyerudi kutoka vita hivyohivyo hana hata moja kati ya sifa hizo tatu. Alirudi. Alioa au alimkuta mke wake akimsubiri, akalima, akazaa, akazeeka. Atakapokufa atafia nyumbani kwake au hospitali ya karibu, na watakaokaa kujadili mazishi yake ni watoto wake na ukoo wake.

Jeshi lenyewe limebadilika katika jambo hili, na mabadiliko hayo yanatufundisha. Askari wetu waliokufa Msumbiji walipata pumziko Naliendele, mkoani Mtwara, yaani ndani ya nchi yao lakini bado si kwao. Ikaja Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, Beni, mashariki ya Kongo, ilipovamiwa usiku na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Miili ilirudishwa Dar es Salaam, ikaagwa Upanga kwa heshima zote za kijeshi, kisha kila mmoja akasafirishwa kwao, wengine wakivushwa bahari hadi Zanzibar. Hawakuzikwa pamoja sehemu moja kama Kaboya. Ndege ilikuwepo, magari yalikuwepo, na mara tu uwezo ulipopatikana, familia zilipewa watu wao. Miaka 39 ilitosha kuonyesha kwamba makaburi ya pamoja yalitokana na dharura ya vita, na desturi yetu ilipopata nafasi ikarudi palepale ilipokuwa: mtu azikwe kwao.

Kuna sababu nyingine ya kuzika nyumbani ambayo wapangaji wa miradi huisahau, nayo ni ardhi yenyewe. Kaburi la babu likiwa pembeni mwa shamba ni shahidi. Shauri likifika baraza la ardhi la kata, hati mara nyingi haipo. Panakuwepo mti uliopandwa mwaka fulani, mpaka wa minyonyo au minyaa, na makaburi. Mjane ambaye mumewe amelazwa uani kwake ni vigumu kuondolewa na shemeji mwenye tamaa, kwa sababu kila anayeingia kwenye boma lile anaiona sakafu ya saruji yenye msalaba au jina, na anajua yule mama anakaa pale kwa haki ipi. Ukimwambia mama huyo kwamba mzee wake, kwa kuwa alikuwa askari, atazikwa kwa heshima kwenye uwanja wa serikali kilomita nne kutoka nyumbani, unamwomba atoe ushahidi wake mkubwa kuliko wote. Atakusikiliza kwa adabu. Atakushukuru. Halafu atamzika uani.

Sasa niseme juu ya Hanang, kwa sababu katika wilaya hii maneno "ardhi ya umma" na "kaburi" yameshawahi kukutana, na yalikutana vibaya.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali iliamua kulima ngano kwa trekta kwenye tambarare za Basotu. Shirika la umma, NAFCO, likafungua mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Yote pamoja yalifikia kiasi cha ekari laki moja. Kwenye ramani ilionekana ni ardhi tupu yenye udongo mzuri. Kwa Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, yalikuwa malisho yao bora, yale ambayo mifugo ilihamia kwa msimu kisha ikaondoka ili nyasi zipumue. Asiyekuwepo siku ya upimaji akahesabiwa kuwa hana chake.

Na ndani ya malisho hayo kulikuwa na makaburi. Mzee wa Kibarabaig aliyeheshimika sana, kwa sababu si kila mtu hupewa heshima hii, hujengewa bung'eda. Mazishi hayaishi siku ya kufukia. Huendelea kwa miezi, kwa kawaida kama tisa, na katika muda huo ukoo na majirani hujenga udongo juu ya kaburi, tabaka juu ya tabaka, mpaka nguzo ya udongo isimame juu kuliko mtu mrefu. Siku ya kuhitimisha hukusanyika watu kutoka mbali. Baada ya hapo mvua hufanya kazi yake. Mwaka baada ya mwaka udongo hushuka, majani huota, na kilichokuwa mnara kinabaki mwinuko mdogo ambao mgeni angedhani ni ardhi tu imepanda. Mwenye ukoo haulizi. Anajua ni nani amelala pale na hurudi kuomba, hata akiwa amehamia mbali na ng'ombe wake. Dereva wa trekta hakujua, na hakuna aliyemwambia. Makaburi yakalimwa. Mengine yakaachwa kama visiwa katikati ya ngano, na wenye nayo wakiyaendea walionekana wavamizi wa shamba.

Wananchi walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wenzake walipata ushindi wa kiasi Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria. Mwaka 1987 amri ya serikali ikafuta haki za kimila juu ya ardhi ya mashamba hayo. Wabarabaig waliwaandikia hata wananchi wa Kanada barua ya wazi kueleza yaliyowapata, na makaburi yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Baadaye Kanada ilijitoa, NAFCO ikafifia, na sehemu ya mashamba ikarudishwa kwa vijiji. Bung'eda iliyolimwa hairudishwi.

Endasak haimo ndani ya tambarare zile za ngano, lakini watu wake ni haohao. Ndugu zao walikuwa Mulbadaw na Gawal. Kwa hiyo mpimaji akishuka kwenye gari na kusema amekuja kutenga ardhi kwa ajili ya makaburi, swali la kwanza litakalotoka kwa wazee waliokaa chini ya mti si la ukubwa wa eneo. Wataulizia makaburi ya nani yaliyopo hapo tayari. Hilo ni swali la kitaalamu kuliko mengi yatakayoulizwa na wataalamu siku hiyo, na jibu lake lazima litafutwe kwa miguu, mwenye ukoo akitembea mbele na mpimaji akifuata, kabla ya bikoni ya kwanza kuzikwa.

Swali la pili litahusu malisho. Ardhi ambayo kijiji huiita ya umma, ambayo hakuna kaya iliyojenga, kwa kawaida ni mapito ya mifugo, au sehemu ya kuchungia wakati mashamba yote yamefungwa kwa mazao. Ukiizungushia uzio umeufunga mlango wa mtu. Sitaki kusema haiwezekani. Nataka ifahamike kwamba heshima kwa mzee mmoja aliyepigana Kagera inaweza kulipwa na ng'ombe wa mzee mwingine aliyepigana palepale.

Halafu linakuja swali linalowagawanya watu zaidi ya yote: askari mstaafu ni nani? Aliyeajiriwa JWTZ akastaafu ana namba yake ya jeshi, ana karatasi, ana chama cha wenzake. Waliopigana Vita vya Pili vya Dunia katika King's African Rifles, waliovushwa hadi Madagascar na Burma, walikuwa na chama chao, Tanganyika Legion, na kizazi hicho kimekwisha kuondoka karibu chote. Katikati yao ndipo walipo mgambo wa mwaka 1978. Walichukuliwa kijijini, wakapewa bunduki, wakauvuka mto Kagera, wakarudi na kurudisha bunduki, na maisha yakaendelea. Wengi wao hawana karatasi ya kuonyesha. Ukiweka sharti la cheti, utawazika maofisa na kuwaacha nje wakulima waliokuwa mstari wa mbele. Usipoweka sharti lolote, kila ukoo utaleta shujaa wake. Hakuna uamuzi wa Dodoma utakaolimaliza hili vizuri kama mkutano mkuu wa kijiji chenyewe, kwa sababu waliokwenda wanajulikana kwa majina, na waliosafiri nao kwenye lori lilelile bado wapo wachache. Bado wapo leo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule anakaribia 70. Hili ndilo jambo pekee katika mradi mzima lenye haraka ya kweli. Ardhi itakuwepo mwakani. Wenye kukumbuka majina wanapungua kila msimu wa mvua.

Dar es Salaam inatuonyesha bei ya kuchelewa. Mwaka 1968 ujenzi wa barabara mpya ulilazimu makaburi 660 ya Vita vya Kwanza vya Dunia yaliyokuwa Ocean Road yahamishwe. Yakapelekwa kwenye eneo jipya kando ya Barabara ya Bagamoyo, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayatunza mpaka leo: nyasi zimekatwa, maua yamepandwa, lango linafungwa jioni. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuhamisha makaburi, inayoeleza namna ya kufukua, kuzika upya na kufidia gharama ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Kwa utaratibu wa mradi, kila kitu kilikwenda sawasawa.

Ukiingia ndani ndipo unapoona lililoharibika, na liliharibika miaka hamsini kabla. Wazungu walikuwa na makaburi yenye alama, kwa hiyo walipohamishwa kila mmoja alihama na jina lake. Viwanja vya Waafrika Wakristo, vya Waislamu na vya wasiokuwa Wakristo havikuwekewa alama ya kaburi mojamoja tangu mwanzo. Mafundi wa mwaka 1968 hawakuwa na namna. Mabaki yakazikwa kwa pamoja, na juu yake ukajengwa ukuta wa kumbukumbu. Kiwanja kimoja, mtunzaji mmoja, nyasi za aina moja, na bado mtu anayetafuta babu yake aliyekuwa hamali wa vita hana pa kuweka mkono. Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kukiri kwamba kwa vita vile kuna watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ambao hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi yao ikafika 350,000. Ardhi haikukosekana wala fedha hazikukosekana. Palikosekana mtu mwenye daftari siku ya kufukia.

Penye maandishi, hata karne ikipita jambo linaweza kurekebishwa. Januari 2025 mjini Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya wafanyakazi wa vita 1,772, wengi wao Waafrika weusi, waliokufa katika Vita vya Kwanza bila kaburi linalojulikana. Kila mmoja amewekewa nguzo ya mti wa Kiafrika yenye jina lake na siku aliyokufa. Hapakuhitajika kufukua wala kuzika. Yalihitajika majina, na yalikuwepo.

Kwa sababu hiyo, mfano ninaouona unafaa Endasak hauko Kaboya. Uko kwenye jambo dogo walilolifanya Wamarekani. Wao walianza kutenga makaburi ya kitaifa ya askari mwaka 1862, wakiwa katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, na leo wana zaidi ya 150. Lakini waliona mapema kwamba askari wengi waliorudi hawakutaka kulala huko. Walitaka kulala kwenye makaburi ya kwao, karibu na wazazi. Mwaka 1879 Bunge lao likaruhusu serikali itoe jiwe la kaburi kwa askari aliyezikwa nje ya makaburi ya serikali. Jiwe likamfuata mtu alipo. Na kwa wanaochagua makaburi ya taifa, mke au mume anaruhusiwa kulazwa hapohapo. Nchi yenye ardhi na fedha kiasi kile ilikubali kwamba heshima haimlazimu mtu kuhama kwake.

Tukiliweka hili kwa kipimo cha Hanang, mradi unabadilika sura na gharama yake inashuka. Fundi wa hapohapo anaweza kutengeneza bamba la zege la kipimo kimoja kwa wote: jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kikosi kama kinajulikana, na vita alivyopigana. Ofisa na mgambo wapate bamba lilelile. Liwekwe uani, kichwani pa kaburi, familia ikitaka na kwa namna dini yake inavyoruhusu. Mtendaji wa kijiji awe na daftari linaloonyesha kila kaburi lilipo, kitongoji gani, boma la nani, pamoja na alama za ramani zinazochukuliwa kwa simu, na nakala yake ikae halmashauri ya wilaya huko Katesh. Siku barabara itakapopanuliwa au laini ya umeme itakapopita, mhandisi atakuta kaburi la askari lipo kwenye karatasi kabla ya tingatinga kulikuta ardhini. Na mjane ambaye kaburi la mumewe limeandikwa na serikali uani kwake atakuwa na shahidi wa pili.

Kwa Julai 25, uwanja uliopo karibu na ofisi ya kata unatosha. Ukuta mmoja wa majina, walio hai na waliokufa, hauhitaji hekta hata moja.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu: kwamba mradi usio na uzio wala lango hauonekani, na usioonekana haupati fedha. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu bajeti zetu zinapenda kinachopigika picha. Lakini wilaya hiihii imeonyesha njia nyingine. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikafunika Jorodom, Gendabi na sehemu za mji wa Katesh na kuua watu 89. Askari wa JWTZ walikuwa miongoni mwa waliochimba tope kwa mikono kutafuta miili. Kisha zikajengwa nyumba 109 kwa ajili ya waathirika huko Waret, Gidagamowd, majina yaleyale ya mashamba ya ngano, JKT ikiwa miongoni mwa wajenzi. Nyumba zile zilipata wa kukaa kwa sababu walengwa walijulikana kabla msingi haujachimbwa. Ilikuwa kaya fulani, iliyopoteza nyumba fulani, yenye watu fulani. Orodha ilitangulia tofali. Makaburi ya wastaafu yakianza na orodha, tutajua kama wanaohitaji kiwanja ni watu sitini au ni watu watatu.

Nadhani watakuwa watatu, au karibu na hapo, na hao watatu wapo kweli. Yupo mzee aliyeuza shamba lote kwa ajili ya matibabu na sasa anaishi chumba cha kupanga karibu na stendi. Yupo aliyeletwa na kazi za mashamba kutoka mkoa wa mbali, akabaki, hakuoa, na kwao hakuna anayemkumbuka. Yupo ambaye watoto wake wamegawana boma na hakuna anayetaka kaburi liingie upande wake. Kwa watu hawa kuzikwa kwao ni maneno matupu, maana kwao hakupo tena, na wao ndio ambao nchi iliyowachukua wakiwa vijana inapaswa kuwapa mahali. Robo ekari inatosha, yenye nafasi kwa mke au mume, iliyotembelewa kwanza na wenye koo kuthibitisha kwamba hakuna aliyelala hapo, na isiyokata njia ya mifugo. Mkutano mkuu ukishakubali, muhtasari wake uandike mambo mawili kabla ya wajumbe kutawanyika: ni nani atafyeka mwezi Mei mvua zinapokatika, na fungu la kumlipa litatoka kifungu gani cha bajeti ya kijiji.